Kusoma Fasihi ya Misri ya Kale kwa Tafsiri: Lichtheim, Simpson, Parkinson au Wilkinson?

Msomaji wa Kiswahili anayetaka kusoma hadithi, mashairi na mawaidha ya Misri ya Kale kwa kawaida hulazimika kupitia Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu. Akishafika dukani au kwenye rafu ya maktaba hukuta vitabu ambavyo majalada yake yanafanana, vyote vikiwa na piramidi au jicho la Horus, ilhali ndani havifanani. Kisa kilekile cha Sinuhe, Mmisri aliyeishi uhamishoni, kinaweza kusomeka kama riwaya fupi katika kitabu kimoja, kama utenzi katika kingine, na kama ripoti ya kiofisi katika cha tatu. Tofauti hizo hazitokani na ufundi wa Kiingereza peke yake. Chanzo chake ni maamuzi aliyofanya mfasiri kabla hajaandika sentensi ya kwanza: achague matini yapi, ayapange kama nathari au kama ushairi, na amweleze msomaji kwa kiasi gani kwamba mafunjo, yaani karatasi za matete za wakati huo, yameraruka au kwamba neno fulani halieleweki vizuri. Jambo hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu msomaji asiyejua hieroglifi hana njia nyingine ya kutambua ni wapi anamsikia Mmisri wa kale na ni wapi anasikia kisio la profesa.

Vitabu vinne ndivyo vinavyostahili kushindanishwa kwanza. Kuna mkusanyiko wa Miriam Lichtheim, Ancient Egyptian Literature, uliochapishwa na University of California Press katika juzuu tatu: ya kwanza mwaka 1973 kwa Ufalme wa Kale na Ufalme wa Kati, ya pili mwaka 1976 kwa Ufalme Mpya, na ya tatu mwaka 1980 kwa nyakati za mwisho. Kuna The Literature of Ancient Egypt, kilichohaririwa na William Kelly Simpson na kuchapishwa na Yale, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1972 na la tatu, ambalo ndilo la kutafuta, mwaka 2003. Kuna The Tale of Sinuhe and Other Ancient Egyptian Poems cha R. B. Parkinson, kilichotolewa mwaka 1997 na Oxford University Press. Na kuna Writings from Ancient Egypt cha Toby Wilkinson, kilichotolewa na Penguin mwaka 2016.

Nianze na Lichtheim, kwa kuwa ndiye kipimo ambacho wengine wote hupimwa nacho. Uzuri wa kazi yake ni upana. Mtu akiwa na juzuu zote tatu anaweza kuanza na maandishi ya makaburini ya Ufalme wa Kale, yakiwemo ya Harkhuf wa Elephantine, aliyechonga ukutani barua ambayo Firauni Pepi wa Pili, wakati huo bado mtoto, alimwandikia kwa shauku akimtaka amlinde usiku na mchana mbilikimo aliyekuwa akimleta kutoka kusini, asije akaanguka majini. Kisha msomaji atapita kwenye mawaidha ya Ptahhotep, hadithi ya baharia aliyevunjikiwa na merikebu, utenzi wa Aten, mungu wa jua, nyimbo za mapenzi na safari ya Wenamun, hadi kufikia visa vya Setna vilivyoandikwa kwa Kidemotiki, yaani Kimisri cha nyakati za mwisho, katika enzi za Wayunani na Warumi. Hakuna kitabu kingine katika hivi vinne kinachomwonyesha msomaji kwa upana huo kwamba fasihi hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka elfu mbili na ikabadilika njiani.

Jambo la pili linalomfanya Lichtheim atumike hadi leo ni adabu yake mbele ya matini. Namba za mistari ya hati asilia ameziweka ndani ya tafsiri, kwa hiyo msomaji anaweza kuchukua sentensi moja na kuitafuta katika kitabu kingine bila kupotea. Palipokatika huweka mabano ya mraba. Palipo na utata huweka tanbihi fupi, mara nyingi akitaja wataalamu waliosoma tofauti naye, kisha anasema kwa nini hakuwafuata. Kiingereza chake ni safi na chenye utulivu, na mtu aliyezoea mwendo wa Zaburi na Mithali hatahisi ugeni.

Udhaifu wake ni umri. Juzuu ya kwanza imepita nusu karne, na ingawa zilitolewa upya mwaka 2006 zikiwa na dibaji mpya, tafsiri zenyewe hazikufanyiwa marekebisho. Majina ya wafalme ameyaandika kwa namna ya Kiyunani, kwa mfano Sesostris, ambaye kwa Parkinson ni Senwosret na katika vitabu vingine ni Senusret. Msomaji mgeni anaweza kudhani ni watu watatu. Isitoshe, kununua juzuu tatu ni mzigo. Anayeweza kununua moja tu na achukue ya kwanza, isipokuwa kama anachokitafuta ni nyimbo za mapenzi au mawaidha ya Amenemope, ambavyo vimo katika ya pili.

Kuhusu Amenemope, wasomaji wa Biblia wana sababu ya pekee ya kuitafuta juzuu hiyo ya pili. Mawaidha haya yamegawanywa katika sura 30, nayo yanafanana kwa karibu sana na sehemu ya Mithali inayoanzia 22:17, kiasi kwamba tafsiri kadhaa za kisasa za Biblia zinazungumzia hapo misemo thelathini. Hati yake kuu iko katika British Museum. Ilichapishwa mwaka 1923, na mwaka uliofuata Adolf Erman wa Berlin akaonyesha ufanano huo. Kusoma matini yote mawili pamoja, kifungu kwa kifungu, kunafundisha mengi kuliko makala yoyote juu ya suala hilo, na Lichtheim ametoa marejeo yanayorahisisha kazi hiyo. Simpson naye anayo matini kamili ya Amenemope.

Parkinson ni mtu wa namna nyingine kabisa. Kitabu chake hakizungumzii Misri yote. Kinajifunga kwenye kipindi kilichoandikwa kwenye jina lake, mwaka 1940 hadi 1640 KK, yaani Ufalme wa Kati, ambao makarani wa Misri wenyewe waliendelea kunakili kazi zake kwa karne nyingi baadaye kama mfano wa lugha bora. Hivyo basi humo hamna nyimbo za mapenzi, hamna kisa cha ndugu wawili, hamna Wenamun. Badala yake kuna Sinuhe, mkulima fasaha, baharia, visa vya baraza la Mfalme Khufu, mazungumzo ya mtu na roho yake, mawaidha ya Ptahhotep, Merikare, Amenemhat na Khety, pamoja na maombolezo ya Ipuur na maneno ya Neferti. Kila kazi ina utangulizi wake, na baada yake kuna maelezo yanayofafanua dokezo, methali na mahali pa shaka. Kwa yeyote anayetaka kuisoma fasihi hii kama fasihi, si kama chanzo cha historia, sijaona kitabu kinachokishinda hiki.

Parkinson amechukua msimamo mmoja unaohitaji kueleweka kabla ya kununua: anaamini kwamba kazi hizi zote zilitungwa kwa mishororo, na anazipanga hivyo hata pale ambapo zinasimulia. Lichtheim hakukubali hivyo. Yeye hutenganisha masimulizi ya nathari, usemi wa kupangwa wenye mwendo wa hotuba, na ushairi kamili, na ndiyo maana Sinuhe wake husimulia kwa aya za kawaida kisha akapanda kwenye mishororo anapomsifu mfalme. Suala hili halijamalizika. Wamisri hawakuandika irabu, kwa hiyo hatuwezi kusikia mizani yao. Tunachokiona ni kwamba mawazo hutembea mawili mawili, na kwamba hati nyingi za shule za Ufalme Mpya zina vitone vyekundu vinavyotenga mishororo. Msomaji aliyelelewa kwenye tenzi na mashairi ya pwani hana budi kujua mapema kwamba hapa hakuna vina wala idadi ya mizani ya kuhesabu. Kinachofanya kazi ya kina ni mshororo wa pili kuitikia wa kwanza.

Tofauti hiyo inaonekana vyema zaidi kwa mfano. Mistari ifuatayo ni Kiswahili changu, wala haikunukuliwa kutoka katika kitabu chochote kati ya hivi. Ni mahali ambapo Sinuhe, baada ya kuishi uhamishoni Shamu hadi uzeeni, amerudi kwa mfalme na kuingizwa katika nyumba ya mwana wa mfalme. Ikipangwa kama anavyopanga Lichtheim, itasomeka hivi:

Miaka iliondolewa mwilini mwangu. Nilinyolewa, nywele zangu zikachanwa. Mzigo wa uchafu ukarudishiwa jangwa, na mavazi wakarudishiwa wakaao mchangani. Nilivikwa kitani laini, nikapakwa mafuta mazuri, nikalala kitandani. Mchanga niliwaachia walio ndani yake, na mafuta ya mti niliwaachia wanaojipaka hayo.

Na ikipangwa kwa njia ya Parkinson:

Miaka iliondolewa mwilini mwangu;
nilinyolewa, nywele zangu zikachanwa.
Uchafu ulirudishiwa jangwa,
na mavazi wakarudishiwa wakaao mchangani.
Nilivikwa kitani laini,
nikapakwa mafuta mazuri,
nikalala kitandani.
Mchanga niliwaachia walio ndani yake,
na mafuta ya mti wanaojipaka hayo.

Maneno ni karibu yaleyale, lakini katika namna ya pili jicho linalazimika kusimama, na dharau iliyomo katika mshororo wa mwisho, dharau ya mtu wa mjini aliyekwisha kuoga, inasikika waziwazi. Katika namna ya kwanza dharau hiyo inapita kama habari tu. Kwa upande mwingine, hadithi ndefu iliyopangwa yote kwa mishororo mifupi huchosha, na katika pigano la Sinuhe na shujaa wa Retenu, yaani huko Shamu, nathari ya Lichtheim ina kasi ambayo mishororo ya Parkinson haina. Anayesoma kwa kufuatilia kisa atafurahia zaidi Lichtheim. Anayerudia ukurasa mmoja mara nyingi atafaidika zaidi na Parkinson.

Kazi inayowatenganisha wafasiri kuliko zote ni ile ya mkulima fasaha. Kisa chenyewe ni chepesi. Khunanup, mtu wa Wadi al-Natrun, anashuka kwenda bondeni na punda wake waliobeba mazao. Njiani anakutana na Nemtynakht, ambaye anazitamani mali zake. Njia ni nyembamba, upande mmoja maji na upande mwingine shayiri, na Nemtynakht anatandika kitambaa juu yake ili mkulima asiweze kupita bila kukikanyaga. Wakiwa katika mabishano punda mmoja anajaza kinywa chake shayiri, na kwa kosa hilo punda wote wanachukuliwa. Mkulima anakwenda kumshtakia Rensi, msimamizi mkuu, kwa ufasaha wa ajabu hata Rensi anampelekea mfalme habari. Na mfalme anaamuru asijibiwe, ili aendelee kusema na maneno yake yaandikwe. Kwa siri anapewa mikate kumi na mitungi miwili ya bia kila siku, na familia yake inapelekewa nafaka. Hivyo mtu anazungumzia haki mara tisa mbele ya watu waliokwisha kuamua kumpa, naye hajui.

Hotuba hizo tisa ni miongoni mwa Kimisri kigumu kuliko vyote vilivyobaki. Zimejaa mafumbo ya mizani, usukani, ngalawa na mvuvi, na vitenzi vyake vinaweza kusomwa kwa zaidi ya namna moja. Lichtheim huamua na kusonga mbele. Parkinson, ambaye alihariri matini ya kazi hii mwenyewe kabla ya kuitafsiri kwa wasomaji wa kawaida, hukubali ugumu ubaki katika tafsiri na kuueleza katika maelezo. Kwa kisa hiki ningempa Parkinson ushindi bila kusitasita, hata kama msomaji wa haraka atalalamika kwamba baadhi ya mishororo inamtaka asimame na kufikiri.

Mazungumzo ya mtu na roho yake ni mfano mwingine, na hapa hata majina yanasema kitu. Lichtheim analihifadhi neno la Kimisri, ba, katika jina la kazi yenyewe. Parkinson anaandika roho. Katika toleo la 2003 la Simpson kazi hiyo inaitwa ya mtu aliyechoshwa na maisha. Jina hili la tatu linamwamulia msomaji mapema mno, maana wataalamu bado wanabishana kama mtu huyo anataka kujiua au anatafakari tu kifo. Humo ndimo zilimo beti maarufu, ambazo kwa Kiswahili changu ni hivi:

Kifo kiko mbele yangu leo
kama mgonjwa aliyepata afueni,
kama kutoka nje baada ya kufungiwa.
Kifo kiko mbele yangu leo
kama harufu ya manemane,
kama kuketi chini ya tanga siku ya upepo.

Kazi hii imebaki katika hati moja tu, iliyoko Berlin, na mwanzo wake ulikuwa umepotea. Mwaka 2017 vilichapishwa vipande zaidi vya hati hiyohiyo vilivyotambuliwa katika jumba la makumbusho huko Mallorca, Hispania. Vitabu vyote vinne vilitoka kabla ya hapo. Mtu akisoma katika utangulizi wowote kati yao kwamba hatujui mazungumzo haya yalianzaje, asiichukue kauli hiyo kuwa ya leo.

Sasa Simpson. Nguvu yake ni kwamba ndani ya jalada moja laini msomaji anapata visa vya Ufalme wa Kati, visa vya Ufalme Mpya, nyimbo za mapenzi, mawaidha, na katika toleo la 2003 sehemu nzuri ya fasihi ya Kidemotiki iliyotafsiriwa na Robert K. Ritner. Ikiwa bajeti inaruhusu kitabu kimoja na msomaji anapenda hadithi kuliko kitu kingine, hiki ndicho cha kununua. Humo kuna kisa cha ndugu wawili, Anubis na Bata, ambamo mke wa kaka mkubwa anamtamani shemeji yake, anakataliwa, kisha anamsingizia kwa mumewe. Aliyekua akisikiliza kisa cha Nabii Yusuf na mke wa bwana wake atautambua mwanzo huo mara moja, ingawa hatatarajia kinachofuata, kwa maana Bata anakimbia, mto wenye mamba unatokea kati yake na kaka yake, na moyo wake anaenda kuuweka juu ya ua la mti katika bonde la mbali.

Humo pia mna Setna, mwana wa Ramses wa Pili, anayeingia kaburini kutafuta kitabu alichokiandika Thoth, mungu wa maandishi, kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu hicho kilikuwa kimefichwa katika makasha yaliyotiwa moja ndani ya jingine, la nje la chuma na la ndani kabisa la dhahabu, na Setna anacheza bao la Kimisri na marehemu ili akipate. Ritner ametafsiri kisa hiki kwa ucheshi kinaoustahili, na kwa maoni yangu amempita Lichtheim.

Hata hivyo Simpson ni kazi ya mikono mingi, na inaonekana. Wafasiri wanne wana tabia nne. Edward F. Wente, aliyetafsiri visa vingi vya Ufalme Mpya, hufuata matini kwa karibu mno hata Kiingereza kinakakamaa, Vincent A. Tobin, aliyeongezwa katika toleo la tatu, ni laini zaidi na mara nyingine hulainisha kupita kiasi. Tangulizi za kila kazi ni fupi, na tanbihi zinamfaa zaidi mwanafunzi anayetaka kujua marejeo kuliko msomaji anayetaka kuelewa dokezo.

Wilkinson nitamaliza naye haraka. Lugha yake ndiyo nyepesi kuliko zote, na aliyekusudia ni msomaji wa leo asiye na msingi wowote. Kila matini yana maelezo mafupi mbele yake, na uteuzi wake unatoka nje ya hadithi na mawaidha hadi kwenye maandishi ya vita, nyimbo, na barua, zikiwemo za Heqanakht, mkulima na kuhani wa makaburi aliyeandikia nyumbani mwanzoni mwa nasaba ya 12 akigawa posho ya nafaka, akigombeza, na kuonya kwamba huko aliko watu wameanza kula watu. Mtu anayehofia vitabu vya kitaaluma aanze hapa, asione haya. Ila asitegemee kwamba ulaini wa sentensi unatoka Misri; sehemu kubwa ni ya mfasiri, na msomaji hapewi nafasi kubwa ya kuona ni wapi matini ya asili yanakwama.

Linabaki swali la vitabu vya bure. Kwenye intaneti vinapatikana kwa wingi vile vilivyokwisha haki ya kunakili: Flinders Petrie wa 1895, E. A. Wallis Budge wa mwaka huohuo kwa mafunjo ya Ani (nakala ya Kitabu cha Wafu), na Gaston Maspero aliyeanza kuchapisha hadithi hizi kwa Kifaransa mwaka 1882. Budge hasa huchapishwa upya kila siku na wachapishaji wasioandika hata mwaka wa tafsiri, na wengi hukinunua wakidhani ni kitabu kipya. Ushauri wangu ni kuviacha. Hieroglifi zilianza kusomeka mwaka 1822 kwa kazi ya Champollion, lakini sarufi ya Kimisri ilichukua zaidi ya karne kutulia: sarufi kubwa ya Alan Gardiner ilitoka mwaka 1927, na uchambuzi wa Hans Jakob Polotsky uliobadilisha uelewa wa kitenzi ulitoka mwaka 1944. Aliyetafsiri mwaka 1895 alikuwa akisoma vitenzi vya lugha ambayo bado haijafunguka, na mara nyingi alichokosa ni uhusiano wa sentensi moja na nyingine, yaani kilekile kinachoifanya hadithi iwe hadithi. Asiye na fedha afadhali atumie kurasa za University College London ziitwazo Digital Egypt for Universities, ambako kazi kadhaa za Ufalme wa Kati zimewekwa pamoja na unukuzi wake kwa herufi za Kilatini, au hifadhi ya Thesaurus Linguae Aegyptiae ya Berlin kama anasoma Kijerumani.

Kwa nyimbo za mapenzi, sipendekezi hata kimoja kati ya vinne hivyo kama chaguo la kwanza. Nyimbo hizo, zilizohifadhiwa hasa katika mafunjo ya Chester Beatty I, Harris 500 na ya Turin, zinahitaji mfasiri mwenye sikio la mshairi, naye ni John L. Foster, ambaye mkusanyiko wake ulitoka mwaka 2001 kwa University of Texas Press. Foster ni huru kuliko wenzake, na ukimlinganisha na Lichtheim utaona mahali alipoongeza rangi. Hata hivyo wimbo wake unaimbika. Katika mfululizo mmoja wa Chester Beatty, kila ubeti unaanza na kumalizika kwa mchezo wa sauti juu ya namba yake, wa saba ukiwa ni malalamiko ya kijana ambaye siku saba hajamwona "dada" yake na ugonjwa umemwingia. Dada hapo ni mpenzi, kama ilivyokuwa desturi ya lugha hiyo, na kitabu kisichomweleza msomaji jambo hilo kinamfanyia ubaya.

Wasomaji wa Bujumbura, Goma au Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa hawana sababu ya kupitia Kiingereza. Claire Lalouette alitoa juzuu mbili pana mwaka 1984 na 1987 kwa Gallimard. Pierre Grandet alitoa mkusanyiko wa hadithi mwaka 1998 unaosomeka kwa urahisi. Na kwa mawaidha, kitabu cha Pascal Vernus cha mwaka 2001 kina maelezo mengi kuliko chochote nilichotaja kwa Kiingereza. Aliyeko Muscat na anayesoma Kiarabu anaweza kuanza na juzuu mbili za Selim Hassan za mwaka 1945. Ni za zamani, na onyo nililotoa juu ya Petrie linamhusu kidogo naye pia, lakini aliandika akiwa mtaalamu wa kweli wa Kimisri na kwa wasomaji wa nchi yake mwenyewe.

Mwisho kuna msomaji ambaye baada ya Parkinson atataka kuona lugha yenyewe. Huyo atafute Middle Egyptian Literature cha James P. Allen, kilichotolewa na Cambridge mwaka 2015, chenye kazi nane, wakiwemo baharia, Sinuhe na mkulima, kila moja ikiwa na hieroglifi, unukuzi na tafsiri mkabala wake. Kama tafsiri ya kusoma kwa starehe, ni kikavu. Kama kitabu cha kuweka kando ya Parkinson ili kukagua mshororo unaotia shaka, hakina mpinzani, na kazi ya kuanzia ni baharia: ni fupi, Kimisri chake ni chepesi, na nyoka wake mwenye urefu wa dhiraa 30, anayejiita bwana wa Punt, ile nchi ya manukato iliyokuwa kusini upande wa Bahari ya Shamu, anazungumza kwa sentensi ambazo mwanafunzi mvumilivu ataweza kuzifuata neno kwa neno.